Aliyeuza Ndiye Atajibu

Jumamosi jioni, tarehe 30 Oktoba 1858, soko la Greenmarket mjini Bradford lilikuwa limefurika. Bradford, mji wa kaskazini mwa Uingereza, uliishi kwa viwanda vya sufu, na Jumamosi ndiyo siku ambayo mfanyakazi wa kiwandani alikuwa na chochote mfukoni. Kwenye meza moja alisimama William Hardaker, mchuuzi wa pipi ambaye mji mzima ulimwita Humbug Billy. Biashara yake ilikuwa peremende. Walionunua walikuwa watoto waliopewa senti, na kina baba ambao hawakutaka kurudi nyumbani mikono mitupu. Jioni ile aliuza kiasi cha ratili 5.

Kufikia Jumapili watoto wawili walikuwa wamekufa. Waliowahudumia walidhani ni kipindupindu, na huwezi kuwalaumu: kutapika, tumbo kukata, mwili kuishiwa nguvu kwa saa chache. Kisha ikaja habari ya nyumba ya pili, ya tatu, ya kumi. Polisi walianza kuuliza wagonjwa walikula nini, na jibu likawa moja kila mlango: peremende za Hardaker. Walipomfikia Hardaker mwenyewe walimkuta hoi, kwa kuwa naye alikuwa ameonja. Pipi zilizobaki zilipelekwa kwa mkemia wa mji huo, Felix Rimmington, naye akathibitisha kilichoshukiwa, yaani sumu ya aseniki. Onyo likasambazwa mitaani kabla watu wengine hawajafungua vifurushi walivyoviweka kabatini. Mwishowe walioumwa walikuwa 200 hivi, na waliokufa walikaribia 20, wengi wao watoto.

Polisi walipofuata nyayo za pipi zile kurudi nyuma, kisa kikageuka kuwa cha ajabu zaidi. Hardaker alizinunua kwa Joseph Neal, mtengeneza pipi. Neal, kama wenzake wengi, hakutumia sukari tupu. Sukari ilikuwa ghali, kwa hiyo sehemu yake ilibadilishwa na unga mweupe wa bei ya chini ambao wenyeji waliuita «daft», mara nyingi jasi, ile ile inayopakwa kwenye kuta. Neal alimtuma mpangaji wake, James Archer, akanunue unga huo kwa Charles Hodgson, mwenye duka la dawa kijijini Shipley, mwendo wa maili chache. Hodgson alikuwa kitandani anaumwa. Msaidizi wake, William Goddard, alimuuliza daft iko wapi, akaambiwa iko kwenye pipa pembeni, darini. Goddard akapanda, akachota ratili 12, akapima, akauza. Kumbe darini palikuwa na zaidi ya pipa moja, na lile alilolichota lilikuwa la aseniki, unga mweupe usiotofautika na jasi kwa macho.

Mchanganyiko huo aliupika James Appleton, fundi aliyezoea kazi. Aliona kwamba pipi zimetoka na sura isiyo ya kawaida, na alipokuwa akizitengeneza akaugua na kutapika. Hakuna aliyeunganisha mambo hayo mawili. Hardaker naye aliona zina rangi tofauti na za siku zote, na hapo ndipo msomaji anapotamani angezikataa. Hakuzikataa. Alitumia kasoro ile kuomba apunguziwe bei, akapunguziwa, akabeba ratili 40.

Goddard, Hodgson na Neal walishtakiwa kwa kuua bila kukusudia. Kesi za Goddard na Neal ziliondolewa, na mwezi Desemba mahakama ya York ikamwachia Hodgson. Watu karibu 20 walikuwa kaburini na hakuna mshtakiwa hata mmoja aliyefungwa. Lakini lililowaumiza wengi ni jambo jingine. Hata kama Goddard angechota pipa sahihi, mtoto wa Bradford angekula jasi aliyouziwa kama sukari, na hilo halikuwa kosa la mtu yeyote. Zilikuwapo sheria za zamani juu ya mkate, chai na bia, nyingi zikiwa zimetungwa kulinda ushuru wa serikali kuliko tumbo la mlaji. Juu ya peremende, hakuna.

Si kwamba Waingereza hawakuwa wameonywa. Miaka 38 kabla ya Bradford, mwaka 1820, Friedrich Accum, Mjerumani aliyehamia London mwaka 1793 na kujipatia jina kwa kufundisha kemia na kuuza vifaa vyake, alitoa kitabu juu ya vyakula vilivyochakachuliwa. Jalada lilikuwa na fuvu la kichwa pamoja na maneno ya kitabu cha Pili cha Wafalme kuhusu mauti yaliyomo chunguni. Nakala 1,000 ziliisha ndani ya mwezi mmoja. Humo alieleza achari zilizofanywa kijani kwa shaba, pipi zilizotiwa rangi za risasi, na majani ya miti ya vichakani yaliyokaushwa na kuuzwa kama chai. Na alifanya jambo ambalo wenzake hawakuthubutu: alichapa majina ya wafanyabiashara waliokwisha kutiwa hatiani.

Kisa kimoja cha Accum ninakiona kuwa kiini cha habari hii yote. Bwana mmoja alikula jibini la Gloucester lililochomwa, katika hoteli moja, akapatwa na msokoto wa tumbo wa kutisha. Akarudi siku nyingine, akala tena, akaumwa tena, na hapo ndipo ilipotajwa kwamba hata paka mdogo aliyekula ganda la jibini hilo alikuwa ameugua. Jibini likapimwa, likakutwa na risasi nyekundu. Nani aliitia? Mkulima alitia rangi ya anato, kama walivyofanya wote, ili jibini lipendeze. Muuza dawa aliyemuuzia anato aliiongezea rangi nyingine nyekundu kwa kuwa anato yenyewe ilikuwa imefifia. Na aliyemuuzia huyo rangi alikuwa ameichanganya na risasi nyekundu, akijua kwamba rangi ni ya kupaka nyumba, wala hakuota kwamba itaishia mezani. Kila mmoja aliongeza kidogo, kila mmoja alikuwa na sababu yake, na sumu ikafika kwa mlaji bila mtu wa kati kujiona mwuaji.

Accum hakudumu. Mwisho wa 1820 mfanyakazi wa maktaba ya Royal Institution, taasisi ya sayansi ya London, alimchungulia kupitia tundu ukutani akichana kurasa za vitabu. Akashtakiwa kwa karatasi za thamani ya senti chache. Hakufika mahakamani, akarudi Ujerumani, na akafia Berlin mwaka 1838. Wapo waliosema wafanyabiashara aliowaudhi ndio waliochochea kesi ile; hilo halikuthibitishwa, na kurasa inaonekana kweli alizichana. Lakini matokeo yalikuwa yale ambayo adui zake wangeyaomba: kitabu kikachekwa pamoja na mwandishi wake, na kwa miaka 30 hivi watu wakaendelea kula.

Aliyeliokota jambo hilo upya alikuwa mtu wa aina tofauti kabisa. Thomas Wakley, daktari mpasuaji, mbunge na mchunguzi wa vifo, alikuwa ameanzisha jarida la The Lancet mwaka 1823 na kuzoea kushtakiwa kwa kashfa tangu miaka ya mwanzo. Vitisho vya mawakili havikumsumbua. Alichohitaji ni ushahidi, na ushahidi ulipatikana kwa daktari aliyekuwa na hadubini, Arthur Hill Hassall.

Wakati huo kahawa ya London ilikuwa ikichanganywa na chikori, mzizi unaokaangwa na kusagwa. Waziri wa Fedha alikuwa ameliambia Bunge kwamba, kwa ushauri wa wakemia, hakuna njia ya kuitambua ndani ya kahawa. Mwaka 1850 Hassall aliweka kahawa ya dukani chini ya lenzi. Chembe za mmea mmoja hazifanani na za mwingine, hata zikaangwe mpaka ziwe nyeusi, na mtu aliyezijua angeweza kuzitenganisha kwa macho. Kemia ilikuwa imeshindwa kwa sababu ilikuwa inayeyusha kila kitu kabla ya kukitazama.

Wakley akampa kazi. Kati ya 1851 na 1854 Hassall alizunguka mitaa ya London akinunua vyakula kama mteja yeyote, akiwa na mwenzake wa kushuhudia, na kuandika kwenye kila kifurushi kilikotoka. Henry Letheby alimsaidia upande wa kemia. Sampuli zilifika 2,500 hivi. Mkate baada ya mkate ulikutwa na shabu, iliyotiwa ili unga hafifu utoe mkate mweupe. Maziwa yalikuwa na maji; wenyeji wa London walikwisha kutania kwamba ng'ombe wao bora ni yule mwenye mkia wa chuma, yaani bomba la maji. Achari zilikuwa na shaba, kama siku za Accum. Pipi za watoto zilikuwa na rangi za risasi.

Matokeo yalichapwa wiki baada ya wiki, kila moja na jina la muuzaji na mtaa wake. Na hapa Wakley alionyesha akili ambayo wakaguzi wengi wa baadaye wameisahau: aliwataja waaminifu pia. Muuza chai aliyeuza chai tupu alijikuta ametangazwa bure katika jarida linalosomwa na kila daktari. Ghafla uaminifu ukawa na faida mkononi. Nadhani kitendo hicho kilifanya kazi kuliko hotuba zote za bungeni za miaka ile.

Mwaka 1855 Bunge likaunda kamati chini ya William Scholefield, mbunge wa Birmingham, aliyesukumwa na John Postgate, daktari wa mji huo. Postgate alikuwa amefanya kazi dukani akiwa mtoto na kuona kwa macho yake jinsi bidhaa zinavyochanganywa; alilipigania jambo hilo kwa sehemu kubwa ya maisha yake na kwa pesa zake. Mbele ya kamati alifika Thomas Blackwell wa kampuni ya Crosse & Blackwell, watengenezaji wa achari na michuzi waliojulikana kila mahali. Alikiri. Ndiyo, walikuwa wakizipa achari ukijani kwa shaba, na baada ya makala za The Lancet wakaacha. Wateja, waliozoea kijani kibichi, hawakufurahia mwanzoni kuona achari zenye rangi ya kahawia. Ungamo lile lilieleza mengi: kampuni tajiri ilikuwa ikitia shaba si kwa sababu ya umaskini wala ukatili, bali kwa sababu mlaji alikuwa amefundishwa kwamba ndivyo achari inavyopaswa kuonekana.

Kamati ilimaliza kazi, ripoti ikachapwa, na sheria haikutungwa. Ilibidi watoto wa Bradford wafe ndipo sheria ya 1860 ipite, na ilipopita ilikuwa dhaifu mno. Iliruhusu mabaraza ya miji kumwajiri mkemia, ila haikuwalazimisha, na mabaraza mengi yalikuwa yamejaa wenye maduka. Ilimtaka mwananchi anunue sampuli mwenyewe na alipe gharama ya kupimiwa. Juu ya hayo yote, ilitaka ithibitishwe kwamba muuzaji alijua. Ukilikumbuka lile jibini la Gloucester utaona mara moja tatizo liko wapi: katika mlolongo ule wote hakukuwa na mtu aliyejua. Sheria ya pili ya 1872 iliwapa wakaguzi kazi ya kununua sampuli, lakini wauzaji wa rejareja wakalalamika kwamba wanaonewa.

Kamati nyingine ikakaa mwaka 1874. Hitimisho lake lilikuwa la kibiashara kuliko la kitabibu: kwamba sasa umma unapunjwa zaidi ya unavyotiwa sumu. Hata hivyo kilichozaliwa na kamati hiyo, sheria ya 1875 juu ya uuzaji wa vyakula na dawa, ndicho kilichobadilisha mambo. Kifungu chake cha sita kilikataza kumuuzia mtu chakula kisicho na asili, kiini na ubora wa kile alichokiomba. Hakikutaja kujua. Mnunuzi aliomba siagi, akapewa kitu kingine, hayo yanatosha. Mahakama ikathibitisha msimamo huo mwaka 1888 katika kesi ya Betts na Armstead: muuzaji hawezi kujitetea kwa kutojua kwake.

Utaratibu wenyewe unastahili kutazamwa kwa karibu. Mkaguzi aliingia dukani kama mtu mwingine, akaomba bidhaa, akalipa bei kamili. Baada ya kulipa ndipo alipojitambulisha na kusema kwamba alichonunua kitapimwa. Hapohapo alipaswa kujitolea kukigawa mafungu matatu, kila fungu likafungwa na kutiwa muhuri: moja abaki nalo muuzaji, la pili liende kwa mkemia wa umma, la tatu litunzwe hadi siku ya kesi. Pande mbili zikibishana, hakimu angeweza kupeleka fungu kwenye maabara ya serikali iliyokuwa Somerset House, na neno la huko likaamua. Kumnyima mkaguzi bidhaa kulikuwa kosa lenyewe. Muuzaji alikuwa na mlango mmoja wa kutokea: aonyeshe hati ya dhamana kutoka kwa aliyemuuzia, kwamba bidhaa ni ile ile iliyotajwa, na kwamba ameiuza jinsi alivyoipokea. Kwa hati hiyo jambo lilipanda ngazi moja juu, kwa mwenye ghala.

Katika miji yetu, bwana afya anapotokea kwenye hoteli ya mtaani, watu huchukulia kwamba anaingia kwa mamlaka yake, na mama lishe huanza kufunika masufuria kabla hajafika mlangoni. Mkaguzi wa 1875, kwa upande wa sampuli, aliingia kwa nguvu ya mteja. Kosa lilizaliwa pale alipolipa. Bila mauzo hapakuwa na kesi, na ndiyo maana wauza maziwa walijifunza haraka kuzikariri sura za wakaguzi wao. Mkaguzi akionekana kona ya mtaa, kopo la maziwa mazuri lilitolewa. Ikabidi watumwe watu wasiojulikana, wake kwa watoto, wakanunue kwa niaba ya mkaguzi aliyejificha jirani. Kesi nyingi za miaka hiyo zilikuwa za maziwa, na maji ndiyo yaliyokuwa mshtakiwa mkuu.

Mikate yenye shabu ikapungua, kahawa ikaanza kuandikwa wazi kama ina chikori. Ila sheria ya 1875 ilikuwa na upofu mmoja: ilimfuata yule aliyekuwa kaunta na kile alichokiuza. Haikuwa na jicho la kuona kiwandani, ambako vitu visivyo chakula vinatumika kutengeneza chakula. Upofu huo ulidhihirika kaskazini kwa mara nyingine, mwaka 1900, na aseniki ile ile.

Daktari Ernest Reynolds wa Manchester aliona wodi zake zikijaa watu wenye miguu iliyokufa ganzi, ngozi iliyobadilika rangi na mishipa ya fahamu iliyoharibika. Walikuwa walevi, na jibu la siku zote lilikuwa tayari: pombe imewamaliza. Reynolds hakuridhika. Alikuwa akiwajua wanywaji wa pombe kali, na hao hawakuwa wanaongezeka wodini. Walioongezeka walikuwa wanywaji wa bia, tena ya bei nafuu. Akapima bia, akakuta aseniki. Kabla mambo hayajatulia, kiasi cha watu 6,000 walikuwa wameugua na 70 hivi wamekufa. Bia ikamwagwa kwenye mifereji, pipa baada ya pipa.

Wenye viwanda vya bia hawakutia aseniki. Sheria iliwaruhusu kutumia sukari badala ya sehemu ya shayiri, na sukari hiyo waliinunua kwa kampuni ya Bostock ya Garston, karibu na Liverpool. Bostock nao hawakutia aseniki. Waliuvunja wanga kuwa sukari kwa tindikali ya salfuriki waliyoinunua kwa Nicholson wa Leeds. Nicholson waliitengeneza tindikali kutokana na mawe ya pairiti, na aseniki ilikuwamo ndani ya mawe tangu ardhini. Kwa miaka walikuwa wakiwapelekea Bostock tindikali iliyosafishwa. Mwaka ule wakapeleka isiyosafishwa. Hakuna aliyeuliza, na hakuna aliyesema.

Tume ya Kifalme iliundwa, mwanafizikia Lord Kelvin akiiongoza. Mwaka 1903 ilipendekeza kiwango cha nambari: aseniki isizidi sehemu moja ya mia ya greini katika galoni ya kinywaji au ratili ya chakula. Kutoka hapo, kwa upande wa aseniki, mkaguzi hakulazimika tena kubishana kama chakula ni kile kilichoombwa. Alikuwa na tarakimu ya kulinganisha nayo, awe anapima bia au sukari.

Bostock walifilisika, wakawashtaki Nicholson, na hukumu ikatolewa mwaka 1904. Walirudishiwa bei ya tindikali pamoja na thamani ya bidhaa walizoziharibu kwayo. Fidia walizotakiwa kuwalipa wenye viwanda vya bia, na jina la biashara lililopotea, hawakupata hata senti, kwa sababu Nicholson hawakuwa wameambiwa kwamba tindikali ile ni ya kutengenezea chakula.